Jibu la Jiwe

Asubuhi ile Evarista na mumewe Ulimboka waligombana kwa ajili ya kopo.

Wala halikuwa kopo la thamani. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga ambalo hata wanunuzi wa vyuma chakavu wa Majengo wangelikataa, na tena hawakuwa nalo. Lilikuwa limefichwa mahali fulani kwenye mlima wa mawe nyuma ya kijiji cha Mkonze, na ugomvi ulikuwa juu ya nani aende kulitafuta: Ulimboka peke yake kama alivyopenda yeye, au wote pamoja kama alivyopenda mkewe.

Mchezo wenyewe uliletwa Dodoma na mhandisi mmoja mgeni wa mradi wa maji. Mtu anaficha kopo porini, anatia ndani vitu vidogo vidogo, anachukua namba za mahali pale kwa kifaa cha mkononi kinachosoma setilaiti, kisha namba zile anaziweka kwenye intaneti. Mwingine anaziona, anafunga safari, anatafuta. Akilipata anachukua kitu kimoja, anaacha kitu chake, kopo analirudisha palepale. Basi. Hakuna kombe wala picha gazetini. Mama yake Evarista alipoelezwa habari hizi aliuliza kama makopo ya nyumbani yamekwisha.

Ulimboka alikuwa fundi wa vipimo katika shirika la kuchimba visima. Shirika likauzwa kwa mwekezaji, mwekezaji akaja na watu wake, na Ulimboka akapunguzwa pamoja na wengine waliokuwa wamezeekea pale. Siku ya kuondoka wenzake waligombea makabati na viti vya ofisini. Yeye aliomba kifaa kimoja tu cha vipimo, kikuukuu, kioo kimepasuka pembeni, na hakuna aliyemnyima. Tangu siku hiyo kila Jumamosi alitoka nyumbani kwao Chang'ombe, hapohapo Dodoma, na chupa ya maji na viazi vitamu vya kuchemsha, akapotelea milimani. Jioni alirudi na miiba kwenye shati na uso wa mtu aliyelipwa.

"Nimelipata," alikuwa akisema.

"Haya, ilikuwaje? Ulipita wapi? Uliona nini?"

"Aa, mawe tu."

Mawe tu! Evarista, mchapaji wa Bunge, mwanamke aliyeshinda wiki nzima akipiga chapa maneno ya watu wengine, alimngoja mumewe kutwa ili amsimulie, na mume akamletea mawe tu. Angekuwa na nyumba ndogo angalau mtu angejua pa kwenda kupigia kelele. Lakini utamwonea wivu vipi mlima?

Ndipo alipoanza kung'ang'ania kwenda naye, na siku nyingine akamchukua Masudi, rafiki yao mwenye duka la vipuri vya baiskeli pale Majengo. Kwa Evarista utamu wote ulikuwa hapo: vitumbua kwenye kitambaa, Masudi akiruka kwa kuogopa pimbi, kubishana jiwe lipi ndilo, kucheka mpaka mbavu ziume. Wakajiwekea na kanuni yao. Aliyeliona kopo asiseme, asije akawaharibia wengine raha. Ajitenge, achukue jiwe, agonge mwamba. Wenzake wakisikia nao wagonge, maana yake: tumesikia, kaa kimya, usituonyeshe. Watu wengine duniani wangegonga hivyo kuomba msaada. Wao waligonga kwa kutambiana.

Jumamosi hiyo ya Septemba, mwaka elfu mbili na nne, Ulimboka alitaka kwenda peke yake.

"Ninyi mkija sisikii kitu," alisema, akifunga kamba za viatu. "Kila jiwe mnaliongelesha. Mimi nikiwa kule peke yangu nasikia mpaka mjusi anavyotembea. Najua nimesimama wapi. Tangu kazi iishe, Mama Tumaini, ni pale tu ninapojiona bado ni mtu."

Tumaini alikuwa binti yao, yuko shule ya bweni, na kwa jina hilo wazazi wake waliitana zaidi pale mambo yalipokuwa mazito.

"Na mimi je?" Evarista akauliza. "Mimi nikiwepo unajiona nini, Baba Tumaini? Mzigo?"

"Sijasema hivyo."

"Ukianguka huko nani atajua? Mawe yatakuja kuniambia?"

Ulimboka akakaza fundo la kiatu, kisha akasema haya, twendeni wote, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Kenta, lori dogo la mchanga la jirani yao Marko, liliwashusha Mkonze wao wawili na Masudi, Marko akaahidi kuwafuata jioni, nao wakatembea kwenye vumbi mpaka chini ya mlima. Upande wa mashariki walikuwepo wagonga kokoto, wanawake wengi na wanaume wachache, kila mmoja na rundo lake na nyundo yake. Ulimboka aliwasalimu, "Mbukwenyi," nao wakamwitikia bila kuacha kazi. Walipopanda mpaka kifaa kilipoonyesha kwamba wamefika, walijikuta mbele ya miamba mikubwa iliyorundikana ovyo, mingine mikubwa kuliko nyumba yao, minyaa na miiba imejaa katikati. Kifaa cha namna ile kinakufikisha uani tu. Mlango unautafuta mwenyewe.

Masudi alikwisha anza maneno. Aliwaita pimbi wake za Ulimboka, akasema kopo lile lina dhahabu ya Mjerumani, na Evarista akacheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili, kwa makusudi, ili Ulimboka asikie. Ulimboka alisikia. Akamwekea mkewe kifaa mkononi.

"Shika. Mimi sikihitaji."

"Maji je?"

"Kaeni nayo."

"Nenda basi!" Evarista akamwambia mgongo wake. "Nenda kwa hao wake zako wa mawe!"

Yeye hakugeuka. Alizunguka mwamba mmoja wenye doa jeusi la maji ya mvua za zamani, na shati lake la mitumba lenye mistari likapotea.

Wakatafuta. Masudi alishika upande wa chini, Evarista wa juu. Alichungulia kila tundu, akaingiza fimbo, akainua mawe yaliyolegea, na muda wote moyoni alikuwa akiendelea kugombana. Alikuwa amefikia mahali pazuri sana pa ugomvi ule, pale anapomshinda mumewe kwa hoja, ndipo aliposikia mlio wa jiwe likigonga mwamba.

"Tayari!" Masudi akapiga kelele kutoka chini. "Shemeji, mzee kalipata!"

Mlio ule haukuwa kama ilivyo kawaida, wa kugonga kidogo na kuacha. Uliendelea. Ulitulia, ukaanza tena, ukaendelea. Ulitoka kama nyuma, kama chini, na nyundo za wagonga kokoto ziliuingilia kiasi kwamba hukujua hasa uko upande gani.

"Anatutambia," Evarista alisema. Alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Kwa hiyo kalipata peke yake, haraka haraka, bila kifaa, na sasa anawagongea kama mpiga ngoma ili wajue kwamba wao ni watu wa kelele tu. "Msikie! Haoni hata haya!"

Akaokota jiwe linalojaa kiganja, akagonga mwamba kwa nguvu zake zote, kama mtu anayemfungia mwenzake mlango usoni. Tumesikia. Kaa kimya. Masudi alikuwa amepanda kumfuata, na alimwona akigonga, akaona na jinsi alivyokuwa akicheka kwa kejeli.

Kule mlio ukakoma.

"Kasikia," Evarista alisema. "Sasa atulie huko huko."

Wakala vitumbua bila yeye. Evarista alimwekea viwili, kisha kwa hasira akala kimoja. Wakarudi kutafuta, maana sasa lilikuwa suala la heshima, wasimpe Ulimboka nafasi ya kuja kuwaonyesha kwa kidole. Jua liliacha utosi likaelekea magharibi. Upepo wa Dodoma, ule usiochoka, ukaanza kupuliza vumbi kwenye nyufa. Mara mbili Masudi alisema huyu bwana leo kanuna kweli, na mara mbili Evarista alijibu mwache anune.

Kopo alilipata yeye. Lilikuwa chini ya bamba la jiwe, limezibwa kwa kipande cha turubai. Alipiga vigelegele mlima mzima ukaitikia, akakaa chini akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na kifungo cha koti, sarafu ya nchi asiyoijua, penseli fupi, sanamu ya plastiki ya twiga aliyevunjika sikio. Akapekua. Akapekua tena. Akamimina vyote kwenye kitenge.

Ulimboka hakuacha kopo hata moja bila kizibo cha soda alichokikunja katikati kama sambusa. Ndiyo ilikuwa alama yake. Mfukoni alitembea navyo daima, na kila Evarista alipofua suruali zake alivikuta.

Kwenye kitenge hapakuwa na kizibo.

"Labda kasahau," Masudi alisema.

"Hajawahi kusahau."

"Labda leo alikuwa na hasira, shemeji."

"Masudi." Sauti yake yeye mwenyewe ilimtisha. "Kama hakulipata kopo, alikuwa anagonga nini?"

Masudi alimtazama, kisha akatazama miamba.

Waliita. Waliita pamoja, wakaita kwa zamu, wakaita kwa jina lake na jina la mtoto wake. Mlima uliwarudishia kila walichosema kutoka pande zote, kana kwamba akina Ulimboka walikuwa wengi na wote wamejificha. Masudi alitoa simu yake, akapanda juu ya jiwe, akainyanyua juu. Mtandao uliishia mjini. Evarista alirudi kwenye mwamba wenye doa jeusi, akafuata alikopita mumewe, lakini nyuma ya mwamba ule njia ziligawanyika kama vidole, na kwenye mawe hakuna nyayo.

"Nashuka kuita watu," Masudi alisema. "Wewe usiende mbali."

Nani akae? Evarista alikwenda. Alipita kwa magoti mahali ambapo asubuhi asingepitisha hata mkono, kwa kuogopa nyoka. Kandambili moja ilikatika akaiacha. Alichungulia kila ufa na kila ufa ulikuwa mweusi, na kila alipoita na kukosa jibu alihisi kama ni yeye mwenyewe anayemfukia mumewe, tundu baada ya tundu. Sauti ilianza kumkauka. Aligonga mawe, akatega sikio, na kilichomjia kilikuwa kelele ya nyundo za kokoto kutoka chini, ko-ko-ko, ko-ko-ko, zote sawa, yoyote kati ya hizo ingeweza kuwa yake.

Alimwomba Mungu. Kwanza aliomba vizuri, kama kanisani, kisha akaomba vibaya, kwa kubishana. Alisema hatacheka tena. Alisema Ulimboka akitaka kwenda peke yake kila siku na aende, hatamuuliza alikopita. Alimtukana pia, Ulimboka, kwa kutochukua maji. Chupa ilikuwa kwenye mfuko wake yeye, inamgonga mbavuni, nzito, na kila ilipomgonga alihisi uchungu wa kutaka kupiga yowe. Amekaa na kiu tangu asubuhi. Amegonga na kugonga. Na mimi nimekula kitumbua chake.

Jua lilikuwa limebakiza kidogo tu kugusa vilima vya upande wa pili. Kivuli kilitoka chini kikipanda mlimani, na Evarista alijua kikifika juu mambo yamekwisha. Baridi ya usiku wa Septemba huku juu haimsubiri mtu aliyeumia. Akakaa chini. Akasema kwa sauti, "Basi, nimeshindwa," na hakukuwa na mtu wa kumwambia hapana.

Ndipo watu walipofika. Masudi alikuja na wagonga kokoto, wengi kuliko alivyotegemea, na mitaimbo na kamba za katani na taa moja ya kandili. Mbele alikuwa mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, aitwaye Lydia, na nyuma yake mwanaume mrefu, mkavu, aitwaye Matonya, nyundo bado iko mkononi.

"Pole, dada," Lydia alisema. "Tutampata. Tuko wengi."

Walikuwa wengi kweli. Walitawanyika kwenye miamba kila mmoja akiita, huyu Ulimboka, huyu Limboka, yule baba weee, wengine wakigonga mawe kwa nyundo, wengine wakiitana wenyewe kwa wenyewe kwa Kigogo kuulizana huko mmeangalia. Mlima uligeuka soko. Evarista alijiinua kwa faraja, akaita pamoja nao. Alikuwa ameomba watu na sasa anao, kila upande watu.

Halafu akaacha kuita. Aligundua kwamba hasikii kitu. Ulimboka angegonga sasa, angegonga mpaka mkono ukatike, ingekuwa kelele moja zaidi ndani ya kelele zote. *Ninyi mkija sisikii kitu.* Alikuwa amesema asubuhi, akifunga viatu, na yeye alidhani ni matusi.

"Nyamazeni!" alisema, lakini sauti ilikuwa imekwisha. Akamshika Lydia mkono. "Mama, waambie wanyamaze. Wote. Wasitembee hata kutembea. Na wale waliobaki chini waache nyundo."

Lydia alimwangalia kama anayepima akili yake. Kisha akapanua kifua akatoa sauti ambayo Evarista hakuwahi kuisikia kwa mwanadamu, na mlima ukanyamaza. Kule chini nyundo ziliendelea kidogo, moja ikaacha, nyingine ikaacha, mpaka ya mwisho nayo ikaacha. Ulibaki upepo.

Evarista akaenda peke yake. Aliokota jiwe, akagonga mwamba, akalaza sikio lake juu ya mwamba ule uliokuwa bado una joto la mchana. Hakuna. Akasogea, akagonga, akalaza sikio. Nyuma yake watu wote wale walisimama kama miti, hakuna aliyekohoa. Akasogea. Sasa alisikia mambo: majani makavu, mdudu, damu yake mwenyewe. Ndivyo anavyosikia, alifikiri, ndivyo ilivyo akiwa huku. Akagonga.

Kitu kilikwaruza chini ya sikio lake.

Hakikuwa hata mlio wa kugonga. Kilikuwa kama ukucha. Akagonga tena na kikajibu tena, na yeye akaanguka kifudifudi, akasukuma minyaa kwa mikono mitupu, utomvu ukimrukia, mpaka akafikia ufa uliokuwa nyuma ya minyaa hiyo. Ulikuwa ufa wa kawaida kabisa. Alikuwa ameuruka alasiri, mara mbili.

"Kandili!"

Ulimboka alikuwa ameteleza kutoka juu, akaingia katikati ya miamba miwili iliyokuwa ikibanana kadiri inavyoshuka, na kifua kimekamatwa. Mkono mmoja umenasa chini. Mwingine uko juu ya kichwa, umeshika jiwe dogo, vidole vimechunika mpaka nyama. Asingeweza kuita hata kidogo, maana pumzi aliyokuwa nayo ilimtosha kuishi tu, tena kwa shida. Macho yake yalikuwa wazi. Yalimwona.

Sitaki kuwaeleza sana jinsi walivyomtoa. Matonya alisema jiwe la juu lisiguswe kwa mtaimbo, litashuka, kwa hiyo wakalipasua la pembeni kidogo kidogo, kumfungulia kifua nafasi, kwa nyundo ndogo za kokoto. Kila pigo lilimtoa mlio kama wa mbuzi. Evarista alilala juu, kichwa chini, akimdondoshea maji mdomoni kwa pembe ya kitenge, akirudia maneno yasiyo na maana, bado kidogo, bado kidogo, na kila aliposema aliona midomo ya mumewe ikigeuka rangi. Kuna wakati Matonya alisimama na kufuta jasho, na uso wake ulisema alichokuwa anaona. Evarista akampigia magoti mtu yule, juu ya mawe, mchapaji wa Bunge, akamshika miguu.

"Usiache. Nakuomba baba, usiache."

Matonya akarudi kugonga.

Alipotoka alitoka ghafla, kwa kitenge kilichopitishwa kwapani, na mguu wake wa kushoto haukuonekana kama mguu. Walimbeba wakipokezana, wale wagonga kokoto, mpaka barabarani, ambako kenta la Marko lilikuwa likingoja na taa zimewashwa. Wakamlaza juu ya mchanga. Lydia alivua kitambaa chake cha kichwani akakiweka chini ya kichwa cha Ulimboka, akasema asiachwe alale njiani, aongeleshwe.

Kwa hiyo Evarista alimwongelesha. Masudi alikaa upande wa pili ameushikilia ule mguu usitikisike. Taa za mjini zilikuwa zimeanza kuonekana mbele, chache chache, ndipo Ulimboka alipofungua mdomo.

"Nilikusikia," alisema.

"Usiseme sana."

"Ulipojibu. Niligonga, niligonga, nikawa nakata tamaa. Ukagonga." Akavuta pumzi, ikamchukua muda. "Nikajua umesikia, unakuja. Nikaacha, nisimalize nguvu. Nikatulia nikawa nakungoja."

Kenta liliingia shimoni likatoka. Evarista aliinua macho, akakutana na ya Masudi. Masudi alikuwepo. Alikuwa ameuona mkono wake ukigonga, na alikuwa amekisikia kicheko.

"Si ulikuwa unakuja?" Ulimboka akauliza.

"Ndiyo," Evarista alisema. "Nilikuwa nakuja."

Masudi akageuza uso, akatazama barabara waliyotoka.

Madaktari waliukata mguu chini kidogo ya goti, na Ulimboka akapona. Mtu mwingine angenuna, angelaumu. Yeye alirudi nyumbani na magongo mawili na furaha ambayo Chang'ombe hawakuwahi kuijua kwake. Mtu wa mawe tu akawa msimuliaji. Alikaa barazani na kila aliyekuja kumpa pole alielezwa tangu mwanzo, ufa, giza, kiu, na alipofika pale alipojibiwa alinyanyua kidole wanyamaze.

"Mimi nilikuwa mtu wa kwenda peke yangu," alisema. "Niliona watu ni kelele. Mke wangu akiniambia ukianguka nani atajua, namwona mwoga. Basi nikawa kule chini, nimekwisha, nagonga tu. Na yeye kule juu akanijibu! Ningekuwa peke yangu nani angenijibu? Wewe ukitaka kusaka makopo, ukitaka hata kwenda kuchota maji, nenda na mtu wako."

Wageni walimtazama Evarista kwa macho mazuri. Mama yake alilia. Mchungaji alilitumia jambo lile kanisani, akamwomba asimame, naye akasimama, akapigiwa makofi. Masudi alikuja siku za mwanzo, na hadithi ilipofika pale alitazama ndani ya kikombe chake mpaka ipite. Siku hizi anasema duka linambana.

Kifaa kiko juu ya kabati. Jumamosi nyingine Evarista hukishusha, akakiwasha, akatamani kwenda mahali ambapo hakuna mtu wa kumsifu, kwenye mawe yasiyosema kitu, akae huko kutwa. Mumewe anamkatalia kwa upole. Hapana, Mama Tumaini, usiende peke yako, tafuta hata jirani. Mimi najua.

Na jioni, akiwa barazani na mgeni mpya, anapofika mwisho wa hadithi yake, Ulimboka huinua gongo lake na kugonga sakafu, kisha hutega sikio upande wa jikoni, anatabasamu, anangoja. Mgeni naye anangoja. Evarista anashika mwiko, anatazama sufuria.

Anagonga.